Nani Analipa Zile Wiki Sita?



Wiki hii sikuleta muhtasari wa mahubiri. Nimepewa ukurasa huu nilete swali, na pamoja na swali nimeleta kosa langu mwenyewe, maana swali lenyewe halikunijia nikiwa nasoma. Lilinijia mlangoni kwangu, Alhamisi moja saa moja na nusu asubuhi.

Aliyebisha ni mama mmoja wa kanisa letu ambaye kwa miaka mitatu amekuwa akitufulia nguo kila Alhamisi. Wengi wenu mnamjua kwa sura, hukaa upande wa akina mama karibu na dirisha. Nilimwomba ruhusa niandike habari hii. Akasema, "Andika pasta, lakini usiandike jina, na usinifanye mtakatifu." Basi nitamwita Mama tu, vile tunavyomwita nyumbani.

Siku hiyo Mama alikuwa na siku 19 tangu atoke hospitali. Alikuwa ametolewa mfuko wa nyongo. Kwa wale ambao hawajapitia: ini ndilo linalotengeneza nyongo, yale maji machungu yanayosaidia mwili kusaga mafuta. Chini ya ini kuna kifuko kidogo kinachoiweka akiba, na mtu akila chakula cha mafuta kinaikamua kuelekea kwenye utumbo. Wakati mwingine nyongo inaganda humo ndani na kuwa mawe. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Jiwe likiziba njia, maumivu yake yanashika chini ya mbavu za kulia na kupanda hadi mgongoni na begani. Mama aliyavumilia karibu mwaka mzima akinunua dawa za asidi dukani, akidhani ni vidonda vya tumbo. Kifuko kikitolewa mtu anaishi vizuri tu, nyongo inashuka yenyewe kutoka kwa ini.

Kuna njia mbili za kukitoa. Moja ni ya matundu madogo manne hivi, pamoja na kamera, na huyo mara nyingi anarudi kwa kazi nyepesi baada ya wiki moja au mbili. Ya pili ni kupasuliwa kabisa chini ya mbavu. Mama alipasuliwa, kwa sababu kifuko kilikuwa kimevimba vibaya. Siku anaruhusiwa kwenda nyumbani nilikuwa kando ya kitanda, nimeenda kuomba naye. Nikamsikia muuguzi kwa masikio yangu akimwambia, "Mama, wiki sita usiinue kitu kizito." Mama akaitikia. Mimi pia nikaitikia, nikasema amina.

Shikeni hapo. Nilisikia.

Jumapili iliyofuata nyuma ya hiyo Alhamisi, yaani siku nne kabla Mama hajabisha, mimi ndiye niliyehubiri ibada ya kwanza. Nilichukua Marko 1:29-31, habari ya mkwewe Petro. Alikuwa na homa, Bwana akamshika mkono akamwinua, homa ikamwacha, akawatumikia. Nikasema uponyaji wa Mungu haubembelezwi. Nikasema ukiguswa na Bwana tutaona kwa mikono yako. Mkapiga makofi, nakumbuka. Mama alikuwa amekaa pale pale karibu na dirisha.

Sasa turudi mlangoni. Nilipofungua nilishtuka kidogo, nikamuuliza, "Mama, si bado?" Akasema, "Niko sawa pasta. Mungu ametenda." Nikasema, "Amina, karibu." Nikachukua begi langu nikaenda kazini.

Tunaishi ghorofa ya tatu. Siku za wiki maji hayapandi, yanatolewa kwa tangi pale chini. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji ni kilo 20, hesabu hiyo haihitaji digrii. Kwa nguo zetu za wiki Mama hupandisha mitungi minane. Ni kilo 160 kwa ngazi, kabla hajaanza kufua. Na wiki hiyo kulikuwa na mablanketi mawili. Anayejua blanketi lililolowa anajua kulikamua ni kazi ya tumbo, si ya mikono. Jioni nilikuta kila kitu kimeanikwa, safi kabisa. Nikamtumia shilingi 600 zake kwa simu, nikaandika, "Mungu akuzidishie nguvu."

Miezi mitatu baadaye Mama aliona uvimbe kando ya kovu. Unatokea akikohoa au akiinama, unarudi akilala. Daktari akasema ni ngiri. Ngozi ilikuwa imefunga, lakini ule ukuta wa tumbo ulio chini ya ngozi huchukua muda mrefu zaidi kushikana, na wake uliachana. Itabidi apasuliwe tena, safari hii wamwekee wavu wa kuushikilia.

Niliposikia nilienda kwake nikamwambia, "Mama, ni ile Alhamisi." Akacheka. "Pasta, wiki hiyo nilifua nyumba nne. Sasa wewe unataka ngiri yote iwe yako?"

Swali langu ndilo hili, na nimelala nalo usiku mwingi. Mama ni mtu mzima. Nilimuuliza akasema yuko sawa. Hakuna aliyemlazimisha, hakuna aliyemdanganya, na nililipa siku hiyo hiyo. Je, ile "niko sawa" yake inaniondolea lawama?

Nilisomea biashara kabla Mungu hajaniita kwa huduma. Darasani tulifundishwa kwamba mapatano ni halali pande zote mbili zikikubali kwa hiari. Muuzaji yuko radhi, mnunuzi yuko radhi, basi, hakuna kesi. Miaka mingi nimeamini hivyo na bado naamini kwa mambo mengi. Mtu akiniuzia shati kwa bei tuliyokubaliana, mimi sina haja ya kumchunguza moyo wake.

Lakini hebu tuangalie hiari ya asubuhi ile ilikuwa ya namna gani. Mimi ningesema, "Hapana Mama, rudi upumzike," na ningepoteza nini? Ningevaa shati la juzi. Mama angesema hapana, angepoteza kodi ya nyumba ya tarehe tano, na mtoto wa kidato cha pili angeendelea kukaa nyumbani kwa sababu ya karo, na mwenye duka angefunga daftari la deni. Kila mmoja wetu alikuwa na "ndiyo" mdomoni. Mwenye "hapana" mfukoni alikuwa mmoja tu.

Sisemi ndiyo ya Mama ilikuwa ya uongo. Hapo lazima niwe mwangalifu, kwa sababu wachungaji tuna ugonjwa wa kuwaamulia maskini kana kwamba shida ikiingia kwa mtu akili inatoka. Mama alijua anachofanya. Alipima, akachagua, na kwa hali yake pengine hata mimi ningechagua hivyo. Ndiyo yake ilikuwa ya kweli na ni yake. Ninachosema ni kwamba mimi siwezi kuichukua nikaitumia kama risiti ya kunionyesha nimelipa deni langu. Ndiyo ya mtu ambaye hapana yake ni njaa inaniambia yeye yuko katika hali gani. Haiwezi kuniambia kwamba mimi niko safi.

Nilipofika hapo nilitafuta njia ya kutoroka, na nikaipata. Daktari alisema hawezi kujua ngiri ilitoka wapi. Inaweza kutokea hata kwa mtu aliyepumzika, kwa kukohoa tu, au kidonda kikiingia uchafu. Na Mama mwenyewe amesema alifua nyumba nne wiki hiyo. Kwa hiyo labda si mtungi wangu! Labda ni wa ile nyumba ya Jumatano.

Nyumba tano zikitumia mita moja ya stima, kila moja ikidhani nyingine imelipa, wote wanalala gizani. Na tena, tuseme ngiri isingetokea kabisa. Tuseme Mama angekuwa mzima leo anapanda ngazi na mitungi miwili. Mimi ningekuwa nimefanya jambo gani tofauti asubuhi ile? Hakuna. Ningefungua mlango ule ule, ningesema amina ile ile, nikiwa na maneno ya muuguzi kwa masikio. Ningekuwa na kosa lile lile, ila ningekuwa na bahati. Na nadhani wengi wetu tunaojiona hatuna hatia kwa mambo ya wafanyakazi wetu tuna bahati tu.

Nililifikisha jambo hili kwa mzee mmoja wa kanisa ninayemheshimu sana, mtu ambaye amefanya biashara tangu kabla sijazaliwa. Akaniambia, "Pasta, unajitesa. Ungemrudisha nyumbani ungemnyima mia sita, angeenda mlango wa pili akainue huko. Ungekuwa umemsaidia nini?"

Na ana haki. Hilo sikuwa nimeliona. Kumfungia mlango kwa huruma na kumwachia mitungi kwa amina, yote mawili yanaacha gharama mahali pale pale, kwa Mama. Tofauti ni kwamba nikimrudisha mimi nabaki na dhamiri safi na yeye anabaki na njaa. Kulikuwa na njia ya tatu, nayo ni kumlipa mia sita zake apumzike. Nilipoitaja, mzee akaguna. "Ukianza kulipa watu walale, kesho kila mtu ana mfuko wa nyongo." Akanipa na andiko, 2 Wathesalonike 3:10, kuhusu mtu asiyetaka kufanya kazi.

Mzee, najua unasoma ukurasa huu, kwa hiyo nakujibu hapa kwa heshima. Kwanza, mtume anamzungumzia asiyetaka. Hamzungumzii asiyeweza. Mama ana kovu la shibiri moja, halifanyiwi maigizo. Pili, mwaka juzi nilishikwa na homa ya matumbo nikalala siku 11. Kanisa lilinilipa mshahara wangu wote, mkaniletea supu na maziwa, na hakuna aliyenisomea Wathesalonike. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inasema aliyeajiriwa miezi miwili mfululizo akiugua na kuleta barua ya daktari anapata angalau siku saba kwa malipo kamili, kisha saba kwa nusu, kila mwaka. Sisi wa mishahara tunaona hiyo ni haki, wala hatujioni tunalipwa kulala. Mama ana nyumba tano, kila moja siku moja kwa wiki, na kila nyumba inajiona ni mteja tu. Hakuna anayejiona mwajiri. Na hata angepata hizo siku 14 zote, wiki sita ni siku 42.

Hapa naomba mniruhusu nifanye hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi niliyosomea na ndipo aibu yangu ilipo.

Mama alipolazwa, kanisa lilichanga vizuri. SHA ilibeba sehemu yake, na kilichobaki, shilingi 31,000, mlikimaliza kwa Jumapili mbili. Mungu awabariki. Mimi ndiye niliyeandika hesabu za ule mchango. Karatasi bado ninayo. Kuna mstari wa dawa, mstari wa picha ya tumbo, mstari wa vipimo vya damu, hata teksi ya kumtoa hospitali nimeiandika. Hakuna mstari wa siku atakazokaa bila kufanya kazi. Nyumba tano kwa wiki, shilingi 600 kila nyumba, wiki sita. Ni 18,000.

Mstari huo haukuandikwa, lakini msidhani haukulipwa. Mama aliulipa, kwa mwili. Gharama haipotei kwa sababu mweka hesabu ameiruka. Inahama, na ina tabia ya kuhamia kwa yule ambaye hana pa kuihamishia. Nilifundishwa hivyo mwaka wa pili wa chuo nikapata alama nzuri, na nikasahau siku ilipohitajika.

Kumbe Torati ilikuwa imeuandika huo mstari. Someni Kutoka 21:18-19. Mtu akimpiga mwenzake hata akalala kitandani, kisha akainuka akatembea kwa fimbo, aliyempiga anatakiwa kulipa vitu viwili, na vimetajwa mbali mbali. Atalipia wakati aliopoteza, na atagharamia matibabu hadi apone kabisa. Najua, hakuna aliyempiga Mama, kwa hiyo sheria ile haimhusu moja kwa moja. Nataka tu muone kwamba wakati na dawa ni madeni mawili. Sisi tulilipa dawa tukaimba tumemaliza.

Andiko lililonivunja kabisa ni lingine, 1 Samweli 30. Mnaijua hadithi. Daudi anarudi Siklagi anakuta mji umechomwa na Waamaleki wamebeba wake na watoto. Anawafuata na watu 600. Wakifika kijito cha Besori, 200 wamechoka kabisa, hawawezi kuvuka. Wanabaki na mizigo, wale 400 wanaendelea, wanapigana, wanarudisha kila kitu na nyara juu. Sasa wakati wa kurudi kuna watu wanasema wale waliobaki wasipewe nyara, wachukue tu wake zao na watoto waende, kwa sababu hawakwenda nasi. Si wazo la kijinga. Ni lile la mzee wangu, na kusema kweli ni lile la darasani kwetu: malipo kwa kazi. Lakini Biblia inawaita watu hao wabaya. Na Daudi anaamua kwamba aliyeshuka vitani na aliyekaa na mizigo watagawana sawasawa, na ikawa amri katika Israeli tangu siku hiyo.

Nimehubiri Besori mara nyingi kama habari ya kutokata tamaa. Sikuwahi kuihubiri kama habari ya likizo ya ugonjwa.

Nilienda nikaisoma na Mama, tukiwa na chai. Nilitarajia itamfariji. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Hao mia mbili walikuwa wanachunga mizigo, si ndio? Hawakuwa wamelala."

Nikasoma tena. Ni kweli.

"Basi hiyo ndiyo tofauti," akasema. "Mngeniletea hizo elfu kumi na nane zenu ningechukua, siwezi kukataa, lakini zingenikaa vibaya. Mtu akishapewa bure mara mbili, anaanza kuangaliwa. Mngenipa kazi ya kukaa. Kupasi naweza kwa kiti. Kukunja, kushona vifungo, kuchagua maharagwe. Mtu mwingine apandishe maji, na mimi nilipwe siku yangu." Kisha akasema, bila hasira, "Hakuna mtu aliniuliza, pasta."

Kwa hiyo mimi na mzee sote tulikuwa tumekosea. Yeye alidhani ni suala la kazi, mimi nikadhani ni suala la sadaka. Mama alikuwa anaongea juu ya fungu, kama la wale wa Besori. Fungu ni lako hata siku umebaki na mizigo, kwa sababu wewe ni mmoja wa wale 600. Sadaka mtu anakupa akitaka, na anaweza kukuangalia usoni anapokupa.

Kuna jambo jingine aliloniambia siku hiyo ambalo nyinyi mnaosindikiza wagonjwa mnapaswa kulishika. Nilimuuliza kwa nini hakumtii muuguzi. Akasema, "Lakini nilitii. Alisema kitu kizito. Kwangu kitu kizito ni gunia la mahindi. Mtungi si mzigo, mtungi ni maji." Wapendwa, hapo kosa si la Mama na wala si la muuguzi. Neno "kizito" kwa mtu wa ofisini ni begi. Kwa mtu wa mjengo mfuko wa saruji wa kilo 50 ni wa kawaida kila siku. Ukienda kumchukua mtu wako hospitali, usirudi na neno hilo hivyo hivyo. Mwambie daktari kazi yake kwa majina: anabeba mtungi wa lita 20 ghorofa tatu, anasukuma mkokoteni, anapakia mawe kwa lori, anakamua blanketi. Uliza ni lini ataruhusiwa kila moja, na waandike. Aliyetobolewa matundu na aliyepasuliwa hawarudi kazini siku moja hata kama ugonjwa ulikuwa mmoja. Na akipata homa, au macho kuwa ya manjano, au kidonda kutoa usaha, au maumivu kuongezeka badala ya kupungua, arudishwe hospitali siku hiyo. Tutaomba tukiwa njiani.

Nimebakisha mahubiri yangu ya Marko 1, na hapa nilitaka nipite haraka lakini Mama hakuniruhusu. Nilimuuliza kama yale mahubiri yalichangia. Alinyamaza kidogo. Akasema, "Niliona kama nikiendelea kukaa nyumbani nitakuwa nasema Mungu hakumaliza kazi yake."

Sijaacha kuamini uponyaji. Mkwewe Petro aliponywa kweli na akatumika kweli, na nitalihubiri tena hilo andiko Mungu akinipa uhai. Ila nitalihubiri pamoja na Marko 5. Pale Bwana anamfufua binti wa Yairo, muujiza mkubwa kuliko wa homa, msichana anasimama anatembea, watu wameshangaa hadi basi. Na jambo Bwana analowaambia baada ya hapo ni kwamba apewe chakula. Hakumwambia msichana akateke maji kuthibitisha kwamba amefufuka. Aliwageukia waliokuwa chumbani akawapa wao kazi.

Sisi tumezoea kugeukia aliyeponywa. Tunampa kipaza sauti, tunataka aruke. Dada mmoja akitoa ushuhuda kwamba Mungu amemponya na bado ameambiwa akae mwezi mmoja, tunapiga makofi nusu nusu. Mimi ni mmoja wa wapigaji wa hayo makofi. Naomba msamaha kwa Mama, na kwa yeyote mwingine aliyetoka kwenye ibada yangu akaenda kuinua kitu ili asionekane hana imani.

Upasuaji wa pili ni mwezi ujao. Safari hii nimeandika hesabu upya na ule mstari uko juu kabisa. Nilizipigia simu zile nyumba nyingine nne, Mama alinipa namba baada ya kusitasita. Wawili walikubali pale pale: Mama ataenda siku yake kama kawaida, atakaa, atafanya kazi ya kukaa, atalipwa siku yake yote, na maji yatapandishwa na mtu mwingine. Mmoja aliniambia yeye hulipa nguo zilizofuliwa, halipi mtu, na sikuwa na jibu zuri la kumpa kwa simu. Wa nne hajashika simu bado. Wiki ambazo hawezi kutoka kabisa, na zile nyumba mbili zilizobaki, ndizo ningependa ushirika wa nyumbani wa eneo letu tukae tuzungumze Jumatano hii baada ya maombi, sio kwa mchango wa mara moja, bali nani anachukua wiki gani.

Kwetu tumeanza tayari, maana na hiyo ngiri hafai kuinua chochote. Jumatano usiku ndimi ninayepandisha maji. Juma la kwanza nilifika mtungi wa tano nikakaa kwa ngazi, na jirani wa ghorofa ya pili akaniuliza kama mama fua wetu alifukuzwa. Alhamisi asubuhi Mama alikuja, akavuta kiti, akaipanga mitungi yote kwa macho kabla hajaanza kukunja.

"Pasta," akasema, "huu wa mwisho umeujaza nusu."